Kabati la Biskuti na Ususi wa Fundi Anakleti

Mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni hapa Igurwa, na kila ikigonga inanikumbusha kwamba sina mahali pa kuwahi. Asanteni. Siku hiyo hiyo mmoja wenu, sitamtaja maana mke wake namheshimu, aliniambia, "Mama, tuandikie yale ya zamani. Sisi tumekuta kila kitu kimeshafungwa." Nikadhani ni maneno ya karamu tu, lakini wiki iliyofuata alinitumia kalamu na karatasi kwa mtu wa pikipiki. Basi nimekaa, naandika.

Vyeo sitavitaja, na mshahara tukiutaja tutalia wote. Nitaandika hasa habari ya kadi ya autiputi, ile inayozipa mashine amri. Sababu ni kwamba, siku chache kabla sijaondoka, nilimwona kijana mmoja amefungua paneli, ameona taa ya kijani inawaka, akasema "iko sawa," akafunga akaenda kunywa chai. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nastaafu na sikutaka kuondoka na kesi. Sasa nimeshaondoka, naweza kusema.

Nilianza kazi pale kwenye kiwanda chetu cha kukobolea kahawa, barabara ya Nyaishozi, miaka ya themanini mwanzoni. Vita ya Uganda ilikuwa imekwisha, sabuni ilikuwa inatafutwa kama dawa, na mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, msichana peke yangu katika darasa la umeme. Kijijini walimwuliza baba kama kweli amekosa mtu wa kunioa. Umeme wa gridi tuliusikia redioni tu. Wa kwetu ulitoka kwa jenereta moja ya dizeli iliyokaa kwenye banda lake kama ng'ombe wa maziwa, na aliyeikamua alikuwa Fundi Anakleti.

Fundi Anakleti alikuja huku kutoka Rwanda akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia misheni, akajifunza injini na umeme kwa kuangalia mikono ya watu. Alikuwa mfupi, msafi, shati limechomekwa hata siku ya kumwaga oili. Siku yangu ya kwanza nilimkuta anafuta plaizi zake kwa kitambaa.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Wewe ndiye Koku? Unaogopa umeme?"

"Siogopi, Fundi."

"Basi rudi nyumbani. Utakuja ukiwa unaogopa."

Nikarudi kweli, kwa miguu, nimenuna njia nzima. Kesho yake nikaja tena. "Shikamoo Fundi. Naogopa." Akasema, "Marahaba mwanangu. Shika tochi." Mahojiano yangu ya kazi yaliishia hapo.

Vifaa vyetu mngeviona mngecheka. Testa ilikuwa balbu yenye mikia miwili ya waya. Kuvua ganda la waya tulitumia kisu cha kumenyea ndizi, na jioni kisu kilirudi jikoni. Tepu ya umeme ilitolewa stoo kidogo kidogo kama dawa ya sindano, na ukiizembea, panya wa kiwandani wanaila. Panya wale walikula hata mkanda wa jenereta. Ndipo nilipoujua ufundi hasa wa Fundi Anakleti, yaani kufunga nyaya kwa kamba za mgomba, zile tunazoziita ebyai, ambazo bibi zetu walifungia mizigo ya maharage.

Hakuzifunga hivi hivi. Alichuna kamba kutoka kwenye ganda la mgomba lililokauka, akazichana nyembamba. Halafu alichoma maganda ya ndizi, majivu akayachuja kwa maji, na kamba akazilowesha humo usiku kucha. Kamba ikitoka kwenye maji ya majivu inakuwa laini inakazika vizuri, na ikikauka ina uchungu hata panya mwenye njaa anaitema. Nimeona kwa macho yangu panya akionja na kuondoka amekunja uso. Kwa nyaya za wakati ule haikuwa na neno. Zilikuwa nene, zina mpira mzito, ncha zake zimekaa mbali mbali, na kamba ilishika mpira tu.

Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka mingi. Jenereta ikigoma tunaibembeleza, mota ikiungua tunaipeleka Bukoba ikasukwe upya, inarudi baada ya kahawa kwisha. Kuwasha na kuzima mashine ilikuwa kazi ya mikono na makelele. Mtu anasimama juu ya ngazi akiangalia pipa kubwa la kupokelea kahawa. Likijaa anapiga debe kwa rungu, na mimi huku chini nazima mkanda wa ndoo unaopandisha kahawa. Siku mpiga debe amelewa rubisi, kahawa inamwagika. Meneja wetu, Bwana Mutasingwa, alichoka na mpiga debe.

Ndipo miaka ya tisini ilipoanza likaja kabati. Lilikuwa la chuma, la kijivu, refu kunipita, na huko Ulaya lilikotoka lilikuwa limeendesha kiwanda cha biskuti. Ulipolifungua lilinukia vanila. Wanawake wanaochambua kahawa walikuja mmoja mmoja kunusa, wakiongozwa na msimamizi wao Mama Jovina, ambaye alivuta pumzi ndefu akasema hapo ndipo hela yetu ya sukari ilipoishia. Pamoja na kabati akaja injinia kijana kutoka Mwanza, Injinia Sefu, mtu mpole, mwenye subira kuliko umri wake. Alikaa nasi siku chache, akaiandikia akili ya kabati, yaani kompyuta yake, maagizo ya kahawa badala ya biskuti, na kila jioni alitukalisha mimi na Fundi Anakleti kutufundisha.

Sikilizeni, maana hapa ndipo mnapokosea. Ndani ya kabati kulikuwa na akili, na pembeni yake kadi ya autiputi. Kadi ile ina sehemu nane za kutolea amri. Fundi Anakleti aliziita midomo, na mimi naziita hivyo mpaka leo. Mdomo ukisema, unatoa volti ishirini na nne. Ukinyamaza, hautoi kitu. Nguvu yake ni ndogo. Mdomo unavuta relei, swichi ndogo ya umeme, relei inavuta kontakta, ile swichi kubwa, na kontakta ndiyo inayoita mota. Ukiunga mota moja kwa moja mdomoni, umeua kadi, na usije kunieleza kwamba ulikuwa na haraka. Na kwenye koili ya kila relei, ule waya uliosokotwa ndani yake, weka daiodi inayopitisha umeme upande mmoja tu, maana koili ikiachiwa hurudisha teke.

"Kadi hii inalishwa mara mbili," Injinia Sefu alituambia. "Umeme wa kwanza ni wa akili, ndio unaowasha hizi taa ndogo. Umeme wa pili ni wa midomo, ndio unaotoka kwenda kwenye relei. Akili haigawi cha kwake."

Fundi Anakleti akaguna. "Mtu mmoja, sahani mbili."

"Ndiyo, Mzee."

"Amezoea Ulaya huyo."

Injinia aliondoka na basi la asubuhi, akatuachia tumalizie ile sahani ya pili. Fundi akapeleka waya wa chanya kwenye midomo. Wa hasi akauona wa ziada. "Hasi tumeshampa kule kwa akili. Asitufilisi." Nilimwambia Injinia alichora waya mbili, akaniambia Injinia ni kijana, anapenda kuchora.

Siku ya uzinduzi Meneja alialika Padre na Mchungaji wote wawili ili pasiwe na lawama. Wageni walitoka hadi Kituntu. Tukawasha. Taa za kadi zikawaka moja baada ya nyingine, za kijani, nzuri mno, watu wakapiga makofi. Hakuna kilichosogea. Meneja akaendelea na hotuba ya maendeleo, akiurefusha kila mstari huku akituangalia kwa jicho la pembeni. Padre akabariki. Mchungaji akaomba, na kwa kuwa alikuwa wa pili aliomba kwa kirefu. Wakati wa maombi mimi na Fundi tulikuwa tumepiga magoti nyuma ya kabati na mita, watu wakidhani tuna imani. Kwenye koili ya relei hapakuwa na kitu. Umeme ulikuwa unakwenda lakini hauna njia ya kurudi. Fundi akanitazama, akatoa kipande cha waya mfukoni, akaunga hasi. Mkanda wa ndoo ukashtuka ukaanza kupanda, Mchungaji akasema Amina. Mpaka leo kuna mabishano Nyaishozi kama ni dua ya Padre au ya Mchungaji, na mimi siingilii.

Kwa hiyo, wanangu, taa ya kadi inakwambia kadi imeamua. Haikwambii umeme umefika. Pima mdomoni, halafu nenda ukapime kwenye koili yenyewe, ndipo ukanywe chai.

Kabati likafanya kazi, mpiga debe akahamishiwa kwenye mizani, Meneja akawa anatembea kifua mbele. Aliyekosa raha alikuwa Fundi Anakleti. Nyaya za kabati zilikuwa nyembamba, nyingi, zimening'inia. "Utumbo wa mbuzi," alisema kila alipofungua mlango. "Mgeni akiona atadhani hapa hakuna fundi." Jumamosi moja tukazima kila kitu, akaja na beseni lake la kamba zilizokwisha loweshwa. Jamani, yule mzee alisuka. Hakufunga mafungu tu. Alipitisha kamba katikati ya konekta zote, akazungusha kwenye kila ncha ya waya pale inapoingia kwenye skrubu, kuanzia waya wa chanya mpaka mdomo wa mwisho, kwa nakshi ile ya pindo la mkeka. Nyaya zikalala kama nywele za bibi harusi. Nilijivuna kuwa mwanafunzi wake. Meneja alipoona, akaanza kuleta wageni. Kabati likawa linafunguliwa kwa ajili ya ususi.

Halafu zikaja mvua, na ukungu wetu wa asubuhi mnaujua. Asubuhi moja tukawasha, mkanda wa ndoo ukapanda, pipa likajaa, taa ya mdomo wa tatu, ule wa mkanda, ikazimika kama inavyotakiwa, na mkanda ukaendelea. Kahawa ikafurika ikaanza kuwanyeshea akina Mama Jovina waliokaa chini. Nikakimbilia jenereta nikaizima yote. Nikawasha tena, vile vile. Ilipofika adhuhuri, jua limetoka, kabati likatii kila amri kwa adabu. Kesho yake asubuhi likaasi tena.

"Koku," Mama Jovina aliniuliza huku akitoa punje za kahawa kwenye kitambaa chake cha kichwa, "hili kabati lenu linaamka na hangova?"

Siku ya tatu wanawake walikuja na nyungo, wakazivaa kichwani wakaendelea kuchambua. Ukiwaona kwa mbali ungedhani ni uyoga umeota.

Meneja hakucheka. Aliliona jambo kwa hesabu yake mwenyewe. Kabati linaharibika asubuhi, basi linaharibiwa usiku, na usiku kabati linakaa na nani? Linakaa na Zabron.

Zabron alikuwa mlinzi wetu wa usiku. Alitoka Burundi na mke na watoto, wakapewa chumba nyuma ya ghala, na mkewe akalima nyuma ya chumba, migomba ilikuwa ndiyo inaanza kuzaa. Alikuwa mrefu, mkimya, Kiswahili chake cha polepole, na yeye alimwita kila mtu bwana mkubwa, hata Mama Jovina. Meneja alivamia chumba cha kabati alfajiri akakuta sufuria ya maharage juu ya kabati.

"Hii nini?"

"Maharage, bwana mkubwa. Juu hapa pana joto."

"Maharage kwenye chumba cha kompyuta."

"Sikufungua mlango wake, bwana mkubwa. Niliweka juu tu."

Kwa Meneja kesi ilikuwa imekwisha. Zabron akaambiwa Jumamosi asubuhi atakabidhi koti, tochi, rungu na chumba. Aliinamisha kichwa akasema ndiyo. Mkewe alikuja kwangu mchana ule, hakulia, aliniuliza tu kama najua mahali wanapochukua mtu mwenye watoto. Sikujua. Sisi wengine tukifukuzwa kazi tunarudi kwa wazazi, au kwa mjomba Igurwa. Zabron angerudi wapi? Kwao kulikuwa na vurugu, na hapa jamaa yake pekee alikuwa kile chumba.

Chumba cha kabati kikawa kinafungwa kufuli usiku, ufunguo ukakaa kwenye mkanda wa Meneja. Asubuhi iliyofuata kahawa ikanyesha kama kawaida. Nikamwambia Meneja, "Si umeona? Hakuna aliyeingia." Akanijibu kwamba basi Zabron alishaliharibu moja kwa moja. Mtu akishaamua, ndugu zangu, kila kitu ni ushahidi.

Mimi na Fundi tukahangaika. Mita ikatuonyesha kwamba taa ya mdomo wa tatu ikizimika, volti chache bado zinabaki pale mdomoni. Chache hazivuti relei. Lakini relei ikishavutwa, kuishikilia hakuhitaji nguvu nyingi. Umeme kidogo tu unaitosha, haiachii. Fundi akasema mdomo umechoka, haufungi vizuri. Tukahamishia waya mdomo wa saba. Mdomo wa saba nao haufungi. Nikaenda misheni kwenye simu ya upepo kumtafuta Injinia Sefu, na sauti yake ikaja katikati ya mikwaruzo, "Kadi ni nzima. Kuna kitu kinavujisha umeme kutoka chanya. Tafuteni unyevu."

Ijumaa asubuhi tukaingiza jiko la mkaa chumbani kabla ya kuwasha, tukalikausha kabati kama mtoto aliyetoka kuoga. Likatii toka amri ya kwanza. Nikafurahi, nikamwita Meneja aone kwamba ni unyevu, si mtu.

"Unaona sasa," alisema Meneja. "Anamwaga maji."

Nilikaribia kumpiga na mita.

Mchana ule, Fundi amekwenda kula, nilizima kabati nikakaa mbele yake peke yangu. Unyevu uko wapi? Nikapapasa nyaya, kavu. Chuma, kavu. Nikapapasa ususi, na pale chini ambako joto la jiko halikufika vizuri, kamba ilikuwa baridi, inateleza kidogo. Nikakata kipande kidogo nikakiweka kati ya miguu miwili ya mita. Mshale ukainuka. Nikakaa nikiuangalia. Mnajua chumvi jikoni inavyolowa yenyewe msimu wa mvua bila mtu kuimwagia maji? Majivu ya maganda ya ndizi ndivyo yalivyo. Kamba za Fundi zilikuwa zinakunywa ukungu wa kila asubuhi, na zilikuwa zimeshikana skrubu kwa skrubu kutoka chanya mpaka mdomo wa mwisho. Tulikuwa tumeusukia umeme daraja.

Nilimkuta Fundi Anakleti kwenye benchi lake anakula ndizi na maharage. Sikujua niseme nini kwa mtu aliyenifundisha kila ninachojua. Nikaweka mita na kile kipande mbele yake. Akakitazama. Akagusisha miguu ya mita mwenyewe, mshale ukainuka. Akagusisha tena. Kisha akamaliza kula, taratibu, akanawa.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna, Fundi."

"Sawa. Jioni tutazitoa polepole. Kesho litaamka zima."

"Na Zabron?"

Akachukua kitambaa, akaanza kufuta plaizi zake.

"Kesho ndiyo anakabidhi koti, Fundi. Kabati likipona siku ile ile anayoondoka, watasema ndiye. Popote atakapoomba kazi, watasema ndiye aliyeharibu kabati la Nyaishozi."

"Koku, nenda ukaangalie oili ya jenereta."

"Nimeangalia asubuhi."

"Kaangalie tena."

Nilikwenda. Niseme ukweli, mchana ule nilimchukia. Nilimpenda yule mzee kuliko wajomba zangu, na nilimchukia, na nikaangalia oili iliyokuwa imejaa. Jioni nikamsubiri tuzitoe kamba, hakutokea. Alikuwa ameshaondoka bila kuaga, na ususi upo pale pale.

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito hata ghala halionekani kutoka getini. Watu walikuwa wamekusanyika bila kuitwa. Zabron alisimama uwanjani na koti la kazi limekunjwa vizuri mikononi, tochi na rungu juu yake. Nyuma, kwenye mlango wa chumba, mkewe alikuwa amefunga godoro kwa kamba, watoto wamekaa juu yake. Meneja alikuwa anasafisha koo. Ndipo Fundi Anakleti akaja amevaa koti lake la Jumapili.

"Shikamoo, Fundi," alisema Meneja.

"Marahaba. Usipokee hilo koti bado. Koku, washa jenereta."

Nikawasha. Mlango wa chumba na wa kabati yote akaiacha wazi, kila mtu aone. Mkanda wa ndoo ukapanda, pipa likajaa, taa ya mdomo ikazimika, kahawa ikaanza kunyesha. Wanawake wakavaa nyungo zao.

"Zabron yupo pale," alisema Fundi. "Mikono yake imeshika koti. Zima, Koku."

Nikazima. Akatoa kile kisu cha ndizi. Mkono wake ulisita juu ya ususi, nikaona anachagua mahali pa kuanzia kama mtu anayechagua kuku wa kuchinja katika kuku anaowapenda. Akakata, akavuta kamba yote iliyokuwa kwenye konekta. Akasema washa. Pipa lilikuwa limepunguzwa, likajaa tena, taa ikazimika, na mkanda ukasimama papo hapo. Akasema zima, akachukua kipande cha kamba akakirudisha kati ya skrubu mbili, akasema washa. Kahawa ikanyesha tena.

"Fundi," alisema Mama Jovina chini ya ungo, "tumeelewa. Inatosha, inatuumiza."

Nikazima. Fundi Anakleti akageuka akawatazama watu, kamba imening'inia mkononi.

"Aliyeharibu kabati ni mimi. Kamba ni zangu, majivu ni yangu, nimesuka mwenyewe, hakuna aliyenituma. Zinalowa kwa ukungu na kupitisha umeme. Zabron hajagusa kitu." Kisha akaongeza lile ambalo hakuna aliyemdai. "Nimejua tangu jana mchana. Nilitaka kunyamaza."

Hakuna aliyecheka, hata Mama Jovina. Meneja aliangalia ule ususi uliokatwa, ule aliokuwa akiwaonyesha wageni, akasema kwa sauti ndogo, "Lakini zilipendeza." Kisha akakumbuka umeneja wake, akamgeukia Zabron. "Basi. Wewe endelea na kazi. Mambo mengine tutaongea na Fundi ofisini."

Zabron hakuondoka. Alimwendea Fundi Anakleti, akasimama mbele yake na lile furushi lake la koti na tochi na rungu.

"Bwana mkubwa," alisema, "kwamba si mimi, nilikuwa najua. Nilichokuwa sijui ni kama hapa nina mtu."

Fundi Anakleti akaitupa kamba chini, akachukua tochi na rungu akanipa mimi nishike. Akalikunjua lile koti, akalishika kwa mabega yake mawili, akamwinulia Zabron apitishe mikono.